Simu Isiyo na Macho

Cala,
9 Agosti 2022

Kwa mkwe wangu Nosakhele,

Jumapili saa kumi na moja jioni nilikuwa nimekaa mahali pangu ukumbini, koti nimelifunga vifungo vyote, nikingoja simu yako, na simu haikulia. Nilikaa mpaka giza likaingia. Dada yangu Nozuko, ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno, akasema, "Leo mkwe amekuchoka." Nikanyanyua mkonga. Hata ule mngurumo wake sikuusikia. Kwa hiyo kama ulipiga ukadhani nimekataa kupokea, ondoa wasiwasi, ni simu yenyewe iliyokufa.

Jumatatu nikateremka mjini. Vijana wa kampuni ya simu wakaniambia nyaya za shaba kutoka darajani mpaka kwetu zimeibwa tena, mara ya tatu mwaka huu, na safari hii hawazirudishi. Wanasema shaba imemaliza kazi yake, watu wote wanahamia kwenye simu za intaneti. Nimepewa mpaka tarehe thelathini Septemba. Nikubali kisanduku chao cha intaneti na namba yetu ihamie humo, au namba ife. Namba hiyo tunayo tangu mwaka 1981, Nosakhele. Marehemu mama yako mkwe alikuwa haitaji, anaiimba.

Mumeo naye ameshajua habari hizo. Amenitumia furushi kwa basi, ndani yake skrini bapa kama ubao wa kukatia nyama. Anasema simu ya siku hizi ni ya picha, nitakuona na wewe utaniona. Nimeirudisha kwenye furushi lake. Nilikuwa mkalimani wa mahakama miaka thelathini na moja, nimesema maneno ya wezi wa ng'ombe na ya mahakimu, sijawahi kushindwa kuelewa jambo. Hili nalo nimelielewa, ila silitaki. Tena umeme hapa unakatika mara nne kwa siku, na simu ya waya haikuwa na habari na umeme.

Ya mkononi usinitajie. Iko kwenye droo, na ikitaka mtandao sharti ipande kilimani kama mbuzi.

Basi niandikie. Barua hii naituma kwenye nyumba yenu ya Kwadwesi, hapo Gqeberha, kama kawaida. Msalimie mumeo.

Ni mimi baba mkwe wako,
Jwarha

*

Gqeberha,
19 Agosti 2022

Vuyelwa,

Barua hii imekuja nyumbani. Bahasha ina jina lako la ukweni, kwa hiyo sikuifungua. Basi, niliifungua. Nisamehe. Nakuachia hapo dirisha la dawa hospitalini kwa sababu hupokei simu zangu, na sikulaumu.

Mzee bado hajui. Miaka mitatu na ushee tangu tuachane, na hajui kwamba uliondoka, wala kwamba sasa naishi na Akhona, wala kwamba tuna mtoto. Kila nikijiandaa kumwambia, ulimi unakuwa mzito. Wewe nawe unampigia kila Jumapili kana kwamba umesimama jikoni kwangu. Sijawahi kukukataza. Ukweli ni kwamba umenibebea mzigo wangu, na mimi nimekuacha uubebe.

Nilidhani ile skrini itanisaidia. Ningemshika mtoto mbele yake, mzee angemwona, basi, yameisha, hakuna hotuba. Najua utaniita mwoga. Sasa ameirudisha kwenye furushi, na mimi hanisikilizi. Anakusikiliza wewe.

Nakuomba mwandikie akubali kisanduku. Ana miaka sabini na tisa na presha, na Shangazi ana themanini na tatu. Mmoja wao akianguka, nani ataita gari la wagonjwa?

Sibabalo

*

Gqeberha,
24 Agosti 2022

Kwa Baba, kwa heshima zote,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kuiona hati yako. Jumapili ile nilipiga mara sita. Mara ya sita nilianza kuogopa, nikawa najiuliza kama ulikunywa dawa ya presha asubuhi. Sasa moyo umetulia.

Sisi hatujambo. Sibabalo yuko kazini, amepangiwa zamu ndefu, anakusalimu. Ukiniandikia tena naomba utumie anwani ya hospitali, chumba cha dawa, maana sanduku letu la barua la nyumbani limevunjwa.

Kuhusu hicho kisanduku, Baba, usikubali kulazimishwa. Kama hutaki mambo ya picha, una sababu zako, na mimi nani nikupinge? Barua zinatosha. Tutaandikiana kama watu wa zamani.

Unakumbuka Jumapili ya kwanza baada ya Mama kufariki? Nilikuwa nimezoea kuongea na yeye. Nikapiga kwa mazoea, ukapokea wewe. Mkwe hapigi soga na baba mkwe. Hapo kwenu nilikuwa napita nyuma ya nyumba nisikatize uwanja wa mbele, naficha nywele, nainamisha macho, hata leo sijui macho yako yana rangi gani. Jina lako la kuzaliwa sijawahi kulitamka. Ulipolazwa Queenstown, fomu nilimwachia Sibabalo aijaze. Nilitaka kukata simu. Ndipo ukasema, "Huku kuna upepo." Nikasema, "Hata huku." Tukaongea upepo robo saa nzima.

Nikuambie siri moja. Mpaka leo kabla ya kukupigia nafunga kitambaa kichwani na kujitanda shuka mabegani. Mwenzangu wa kazini alinikuta hivyo siku moja akaniuliza kama nakwenda msibani.

Kunywa dawa, Baba. Ile nyeupe asubuhi, ya waridi jioni.

Mkwe wako,
Nosakhele

*

Cala,
13 Septemba 2022

Nosakhele,

Mimi Shangazi Nozuko. Sina hati nzuri kama ya ndugu yangu, wala sina muda wa salamu ndefu. Amenikataza nisikuandikie, ndiyo maana naandika.

Juzi Jumapili saa kumi alivaa koti, akatoa ile simu ya mkononi kwenye droo, akaniambia anakwenda kutazama zizi la ng'ombe. Zizi letu halina ng'ombe tangu mwaka juzi! Nikamwambia, "We Jwarha, unanidanganya mimi niliyekubeba mgongoni?" Akajifanya hasikii. Kumbe amepanda kilimani kutafuta mtandao akupigie saa kumi na moja. Nilishamwambia kilima kile si cha umri wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii si methali. Ni kifundo cha mguu wa kushoto, kimefungwa plasta mpaka gotini.

Alilala kwenye mawe kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Simu iko hapa ukumbini, imevalishwa kitambaa chake cha kudarizi kama bibi harusi, na imekufa. Ikabidi nijikongoje na fimbo mpaka kwa jirani yetu MaDlomo, mimi na magoti haya. Wanawe ndio waliomteremsha.

Leo nimemuuliza kwa nini anakataa hicho kisanduku. Akasema, "Nozuko, unataka nimtazame mkwe wangu kwenye kioo, uso kwa uso, kama hatuna mila?" Hapo nikamkubalia, maana mkwe si mtu wa kutazamwa. Lakini maiti nayo haina mila. Safari hii tumebahatika.

Wewe ndiye msomi. Mwandikie, mwambie, mlilie ukipenda. Na huyo mumeo asiyeonekana mwambie ana baba. Mficha maradhi kilio humfichua, sisemi zaidi.

Nozuko

*

Gqeberha,
16 Septemba 2022

Sibabalo,

Baba amevunjika mguu kilimani akinitafuta kwa simu. Alilala nje kwa muda wa saa mbili na nusu. Shangazi alikwenda kwa miguu kuomba msaada.

Nimekufichia miaka mitatu. Nilijidai nafanya hivyo kwa ajili yake, na kumbe nilikuwa nafanya kwa ajili yangu, nikakufaidisha na wewe. Basi. Kesho kutwa namwandikia yangu yote. Yako sitayasema, ni yako. Tarehe ishirini na nne ni Jumamosi na ni sikukuu, hutakuwa na kisingizio cha kazi. Nenda Cala umwambie kwa kinywa chako. Na ukienda, nenda na mtoto. Usimfiche mtoto wa watu kama aliyeibwa.

Vuyelwa

*

Gqeberha,
18 Septemba 2022

Baba,

Shangazi ameniandikia. Usimgombeze, kama angenificha nisingemsamehe. Ulipanda kile kilima kunitafuta mimi. Nimelisoma neno hilo mara nyingi na kila mara nimelia.

Nilikuandikia usikubali kulazimishwa. Ulidhani nakuheshimu, kumbe nilikuwa najificha. Hiyo picha niliiogopa kuliko ulivyoiogopa wewe. Ungeniona, ungeona na ukuta ulio nyuma yangu, ungejua.

Siishi Kwadwesi. Mimi na Sibabalo tuliachana mwezi Machi mwaka 2019. Nimepanga chumba na jiko karibu na reli. Sanduku la barua halikuvunjwa na mtu. Kila nilipokuambia Sibabalo yuko kazini nilikuwa nakudanganya, na ulipokuwa ukijibu "Mwambie apumzike," nilikuwa naweka simu chini kwa aibu. Kisha Jumapili nyingine narudia tena.

Sikuwa na ujasiri wa kuacha. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne, baba yangu sikumjua, na kaka yangu ana nyumba yake na maneno yake. Mtu aliyetoka kwenye ndoa hana haki ya kumpigia baba mkwe kumuuliza kama mvua imenyesha. Nilijua siku utakayoambiwa ndiyo siku nitakayokupoteza. Nikaiahirisha, nikaiahirisha.

Sasa nisikilize, na hapa naongea kama mtu wa chumba cha dawa anayeona wazee wanavyofikishwa wakiwa wamechelewa. Kubali hicho kisanduku. Nimeuliza kwa watu wanaojua. Simu yenu ya zamani inachomekwa nyuma yake, namba ni ile ile, na inayopita ni sauti tu. Picha ni jambo lingine, unaweza kuiacha kwenye furushi maisha yako yote. Kubali kabla ya tarehe thelathini, hata kama mimi sitapiga tena. Hasa kama mimi sitapiga tena. Lazima awepo mtu wa kumwita ukianguka.

Jina la Nosakhele mlinipa nyumbani kwenu siku ya harusi, nikafundishwa kwamba maana yake nimekuja kuwajengea. Sioni nilichojenga. Sidhani kama nina ruhusa ya kulitia sahihi hapa chini.

Aliyekuwa mkwe wako

*

Cala,
3 Oktoba 2022

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara moja tu, ikatosha. Hakukuwa na jipya ndani yake isipokuwa ujasiri wako.

Nimejua tangu Aprili mwaka 2019. Unaikumbuka saa ya ukutani niliyowapa harusini? Inachelewa dakika tatu na hakuna fundi aliyeiweza. Tangu mama yako mkwe alipofariki, kila Jumapili, tukiwa bado kwenye salamu, nyuma ya sauti yako ilikuwa inagonga mara tano. Nilikuwa naingoja. Jumapili moja ya Aprili haikugonga. Nikasema imeharibika. Jumapili iliyofuata haikugonga, ikapita treni. Kwadwesi nilishalala, hakuna treni inayopita karibu na dirisha lenu. Mwezi Juni Sibabalo akanipigia, jambo la nadra, na nyuma yake saa ikagonga vizuri kabisa. Mwaka jana nyuma yake akalia mtoto mchanga. Nikamuuliza, akasema ni televisheni. Tangu lini televisheni ikapata kwikwi?

Simu yetu ilikuwa haina macho, lakini masikio ilikuwa nayo.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mahakamani, jambo ambalo shahidi hajalitamka halimo kwenye jalada, hata kama kila aliyekaa ukumbini analijua. Nilijiwekea sheria hiyo. Wewe usiposema na yeye asiposema, mimi sijui. Na nisipojua, wewe ni mkwe wangu. Siku nitakayojua itanibidi niwaite wazee, nitume watu kwa kaka yako, nikurudishe kwa heshima kama desturi inavyotaka. Halafu Jumapili saa kumi na moja nani angenipigia?

Hiyo ndiyo sababu niliikataa picha. Nozuko nilimwambia ni heshima, na heshima ilikuwamo, sikumdanganya. Lakini zaidi niliogopa kwamba nikikiona chumba chako kwa macho yangu sitaweza tena kusema sijui. Niliogopa kukukosa. Miaka thelathini na moja nilisema maneno ya watu wengine kwa sauti kubwa bila kutetemeka. Haya ni yangu mwenyewe, na nayaandika polepole.

Hata ile barua ya kwanza niliituma Kwadwesi makusudi. Nilitaka kuona kama mwanangu bado ana adabu ya kukuletea. Alileta. Basi hajapotea mzimamzima.

Alikuja tarehe ishirini na nne. Alipiga magoti hapo ukumbini akasema yote, na mtoto akiwa amemshika sikio. Anaitwa Lunathi, ana meno manne na amekwisha kulitafuna koti langu. Nilitaka kumpa Sibabalo kibao lakini mguu haukuniruhusu kusimama. Nozuko alimpa kwa niaba ya ukoo.

Siku hiyo hiyo nikawaita wazee watano. Wakauliza aliyevunja ndoa ni nani. Nikajibu ni sisi, kwa hiyo mtu asidai ng'ombe wa mahari warudishwe. Mlungisi, mmoja wao, akasema, "Haya, binti arudi kwao." Nikamjibu, "Mkwe na arudi. Lakini nipe jina la mtu ambaye kila Jumapili kwa miaka minane ameniuliza kama nimekunywa dawa. Wewe, Mlungisi, uliwahi kuniuliza?" Akakuna kidevu. Tukachinja mbuzi, tukawataja waliotutangulia, tukawaambia. Watu wawili wamekwenda kwa kaka yako na maneno haya haya. Tangu Jumamosi ile wewe si mke wa mtu katika nyumba hii. Wewe ni binti wa nyumba hii.

Binti hajifuniki kichwa mbele ya baba yake. Hupita uwanja wa mbele wakati wowote anaotaka. Humtazama baba yake usoni, na akichokozwa humjibu, kama huamini muulize Nozuko alivyomjibu baba yetu, babu yako sasa. Jina la Nosakhele ni lako, mtu akipewa jina hanyang'anywi. Ila ningependa siku moja uniandikie lile ulilozaliwa nalo. Nilikwepa kulitumia miaka yote kwa sababu halikuwa letu.

Kisanduku kilifungwa tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla namba haijafa. Yalikuwa kama ulivyoniandikia. Fundi aliichomeka simu yetu ya rangi ya chai ya maziwa nyuma yake, nikanyanyua mkonga, ikanguruma. Betri ipo ya kuivusha umeme ukikatika. Skrini ameiweka mezani, na Nozuko ameifunika shuka lake "isije ikatuona tunakula." Fundi alicheka mpaka akakaa chini, akatueleza kwamba picha haiji mpaka mwenyewe uikubali kwa kidole. Kumbe miezi miwili nilikuwa napigana na mgeni ambaye asingeingia bila mimi kumfungulia mlango. Na nilijiona mtu wa kuelewa mambo!

Jana ilikuwa Jumapili. Nilikaa na koti langu na plasta yangu. Simu ilikuwa nzima na haikulia. Nikaelewa kwamba unangoja hukumu. Ningeweza kukupigia mimi, lakini maneno ya namna hii huandikwa, mtu apate kuyashika mkononi.

Sibabalo nimemwagiza akuletee saa. Niliwapa nyote wawili, lakini tulioisikiliza ni mimi na wewe.

Na hili hapa chini ni jina langu mwenyewe, si lile la ukoo. Sasa unaruhusiwa kulitamka.

Baba yako,
Zwelakhe Matoti

*

Gqeberha,
12 Oktoba 2022

Baba,

Nimejaribu kulitamka jina lako jikoni nikiwa peke yangu. Nilifika katikati nikageuka kutazama kama kuna mtu amenisikia. Tupeane muda.

Saa imefika. Sibabalo aliibeba kwenye blanketi kama mgonjwa. Nilimpa maji, akayanywa akiwa amesimama mlangoni, kisha nikamuuliza kama kwikwi za televisheni zimepona. Akacheka, nami nikacheka. Hasira niliyokuwa nayo kwake nimeitafuta sikuiona mahali pake. Alipoondoka nililia, lakini si kwa ajili yake. Nililia kwa sababu ya neno binti. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniita hivyo akiwa anamaanisha.

Hapa jirani kuna fundi wa saa. Alikuja kunisaidia kuitundika, akataka kuzirekebisha zile dakika tatu. Nilimwambia akizigusa tutakosana.

Jumapili tarehe kumi na sita nitapiga kwa picha. Mwambie Shangazi alitoe shuka lake. Nitakuwa kichwa wazi. Nywele zangu zimeingia mvi upande wa mbele, hujawahi kuziona, usishtuke. Macho nayo sijui nitayaweka wapi, miaka kumi na miwili nimeyazoeza kutazama chini. Naogopa, Baba, nisikufiche tena. Lakini nataka kukuona.

Tukikosa la kusema, tusihangaike na upepo. Tutazamane tu. Saa iko ukutani nyuma yangu, na baada ya dakika tatu itagonga.

Binti yako,
Vuyelwa